Nepi Nyeupe Kambani

Siku ambayo mambo yote yaliharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili Aprili, mwaka 1979. Jana yake Kampala ilikuwa imeanguka, na askari waliokuwa wakiilinda walipita Bugembe wakikimbilia mashariki kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Wenye magari walikimbia na magari yao. Wasio nayo waliyatafuta. Mzee Yakub, fundi wa baiskeli, alikuwa ameinamia gurudumu barazani pake, kando ya barabara kuu iendayo Iganga, alipowaona wakilisimamisha lori la tajiri mmoja wa Jinja. Dereva wa lori hilo alikuwa Burhan, mwana wa pekee wa mzee. Wakapanda nyuma hadi lori likainama, na mmoja akaketi mbele, bunduki ikiwa ubavuni mwa kijana. "Endesha," ndilo neno pekee ambalo mzee alilisikia. Lori likaondoka. Mke wa Burhan, Namono, aliyekuwa na mimba pevu, akabaki amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Hakupiga ukelele. Hakusema kitu.

Kuna methali isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake ni kuwa anyamazaye sana usimdhanie hana kitu ndani, kwani kinachokawia kutoka hutoka kwa kishindo. Watu wa Bugembe waliijua methali hiyo kwa midomo tu. Mzee Yakub alifundishwa maana yake na watu wawili wa nyumbani kwake mwenyewe: mkaza mwana wake, na mtoto mchanga ambaye hata kuketi alikuwa hajui.

Mzee huyo alikuwa mgane, na ugane wake ulikuwa mchungu kama shubiri. Mkewe, Mariat, alifariki mwaka mmoja kabla ya vita, sakafuni kwenye ujia wa hospitali, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa na dawa zilikuwa zimeliwa na wakubwa. Mtu mwenye koti jeupe alipita, akamtazama mgonjwa kwa mbali, akasema, "Subiri, Mzee," akaenda zake na hakurudi. Mzee Yakub alisubiri mpaka mkono alioushika ukapoa. Tangu hapo akalichukia neno "subiri" kuliko tusi lolote. Aliamini, na nani angeweza kumkosoa, kwamba wakubwa wa nchi hii hulitoa neno hilo kwa maskini kama vile wengine watoavyo sadaka, kwa sababu halina gharama.

Siku chache baada ya lori kuondoka, Namono alijifungua mtoto wa kiume. Babu akamwita Sulait. Hapo ndipo tatizo la nyumba hiyo lilipojitokeza. Kwa desturi za huko, baba mkwe na mkaza mwana hawashikani mikono, hawaketi mkeka mmoja, na baba mkwe haingii chumbani kwa mke wa mwanawe hata nyumba ikiungua. Maneno yao hupita kwa mtu wa tatu. Enzi za Mariat mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Yeye ndiye aliyekuwa daraja. Sasa Mariat yuko kaburini, Burhan hajulikani aliko, na ndani ya nyumba wamebaki watu wawili waliokatazwa na heshima kuzungumza, na mtoto mmoja ambaye hajui kusema.

Ilibidi daraja liazimwe kwa jirani. Jirani huyo alikuwa Nulu, muuza mihogo ya kuchemsha, mwanamke mwenye moyo mweupe na ulimi usio na breki. Ukimpa neno moja afikishe, alifikisha matatu, na la nne aliliacha njiani kwa wateja wake. Mzee Yakub hakumtegemea sana. Alitafuta njia yake mwenyewe ya kupata habari za mjukuu, akaipata kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Madukani hapakuwa na kitambaa hata cha kufungia jeraha. Kwa hiyo mzee alikuwa amelitoa shuka jeupe la marehemu, lile alilolitunza kama mboni ya jicho, akalichana vipande, akaviweka kizingitini bila kusema neno. Hizo ndizo zilizokuwa nepi za Sulait. Namono alizifua kila asubuhi, lakini sabuni ilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, na doa halitoki kwa maji matupu. Hivyo mzee, akiwa ameshika pampu yake barazani, aliitazama kamba na kuyasoma mambo ya tumbo la mjukuu wake kama asomavyo mtu gazeti.

Mwezi wa kwanza wa mtoto habari zilikuwa nyingi mno. Nepi zilijaa kambani, zote zina madoa ya manjano mabichi kama binzari, na ukisogea karibu uliona chembechembe kama za ufuta. Mtoto alinyonya, akaenda choo. Akanyonya tena, akaenda tena. Mzee akaingiwa na hofu. Kwake yeye choo chepesi cha mara nyingi kilikuwa na jina moja tu, kuhara, na kuhara kulikuwa kumezika watoto wengi pale mtaani. Nulu akaichochea hofu hiyo. Alisema mtoto ana meno ya uongo, yale ambayo watu husema hujificha ndani ya fizi na kumharisha mtoto mpaka anyauke, na dawa yake ni kuyachimbua.

"Na kifaa chenyewe kiko kwako, Mzee," akasema. "Spoku moja tu ya baiskeli, ukiinoa vizuri. Mimi namjua bibi mmoja kule Wanyange, mkono wake mwepesi kama unyoya."

Mzee Yakub akachagua spoku mpya na kuanza kuinoa kwenye jiwe. Sauti ya chuma ilifika chumbani. Baada ya muda Nulu akatoka huko amekunja uso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akafikisha neno jinsi lilivyo, maana lilikuwa fupi mno kuongezewa kitu. Namono alisema mtoto wa maziwa ya mama ndivyo aendavyo choo, na kwamba baba amtazame mashavu.

Siku hiyo mtoto akalazwa juani kizingitini, na mama akajitenga nyuma ya pazia. Mzee akatazama. Mashavu yalikuwa yamevimba kama maandazi. Mtoto anayenyauka hana mashavu ya namna ile. Mzee akaichomeka spoku kwenye ukingo wa paa, akarudi kwenye kazi yake akiona haya kidogo.

Ikaja Juni, na habari zikakatika. Ghafla nepi za kambani zikawa nyeupe. Asubuhi ya kwanza mzee alifurahi, akadhani sabuni imepatikana. Ya pili akashangaa. Wiki ilipoisha bila doa hata moja, kila nepi imelowa mkojo tu na kukauka nyeupe kama siku ile shuka lilipokunjuliwa dukani, mzee hakuweza tena kula wala kukaza nati. Akili yake ilikuwa ya ufundi. Alijua kwamba tyubu ikijazwa upepo kila siku na valvu haifunguki, mwisho wake ni kupasuka. Na huyu mtoto alikuwa akijazwa mchana kutwa. Burhan hajulikani aliko. Kilichobaki cha Burhan duniani kilikuwa kile kifurushi chumbani. Kikipasuka, nyumba ya Yakub imefungwa.

Akaenda zahanati ya serikali. Akakuta mlango una kufuli, na nje ameketi mlinzi akila ndizi za kuchoma. Mlinzi akamwambia mkubwa wa zahanati ameitwa mkutanoni, na dawa ziko njiani.

"Subiri tu, Mzee," akaongeza, akitupa ganda.

Mzee Yakub alirudi nyumbani damu ikimchemka. Serikali ya zamani ilimwambia asubiri, akazika mke. Serikali mpya haijamaliza hata kupaka rangi mabango yake, nayo imeshajifunza neno lile lile. Aliapa kwamba safari hii hatasubiri. Nulu alikuwa na dawa tayari: majani machungu yaliyopondwa, maji ya vuguvugu, na bua la jani la mpapai ambalo lina tundu katikati. Dawa humiminwa kwa bua hilo kupitia nyuma, na tumbo hufunguka lenyewe. Wanawake wengi wa pale walikulia kwa bua hilo. Mariat mwenyewe alilitumia kwa Burhan. Mzee alikata bua kwa mkono wake, akalisafisha tundu kwa waya wa breki, akamkabidhi Nulu.

Nulu hakufika chumbani. Namono alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama baba mkwe wake usoni.

"Baba, nisamehe," akasema. "Leo nazungumza na wewe bila mtu katikati. Hilo bua haliingii kwa mtoto wangu."

Nulu akashika mdomo. Mzee akageuza uso upande wa barabara kama adabu inavyotaka, lakini hakuondoka. Alijibu akiutazama mti wa umeme. Alimwuliza kama anajua mtoto amekaa muda gani bila choo, kama anataka kumwua, kama kule kwao milimani watu hawana matumbo.

Namono alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba kwao Wanale mama yake, Nanyama, amelea watoto wa tumbo lake na wa matumbo ya wenzake. Mtoto anyonyaye maziwa matupu, alisema, mwanzoni huenda choo kama kuku, kila saa. Akishatimiza mwezi na zaidi, tumbo lake hujifunza kazi, maziwa yote hugeuka nyama na mifupa, na mabaki huwa haba. Mwingine hukaa siku, mwingine wiki, mwingine hupita wiki. Cha kuangalia ni kama ananyonya, anakojoa, anajamba, anacheka, na kama tumbo ni laini. Likiwa gumu kama ngoma, akitapika, akikataa ziwa, au choo kikitoka na damu, hapo ni mbio hospitali, usiku au mchana.

"Na haya majani?" mzee akauliza.

"Dada yangu alimtilia mwanawe majani hayo. Tulimzika kabla ya jua kuzama."

Nulu akaliweka chini bakuli la majani. Lakini kidonda cha mzee kilikuwa kimeguswa, na kikatoa usaha wake.

"Wewe unaniambia nisubiri," akasema. "Kwa Mariat pia waliniambia nisubiri. Nikasubiri. Uliyaona yaliyotokea."

"Baba, mama hakufa kwa sababu ulisubiri," Namono akamjibu. "Alikufa kwa sababu aliyekwambia usubiri hakurudi kumtazama. Mimi sijamwondolea huyu jicho, na sitaliondoa."

Akakunjua kanga kizingitini, akamlaza mtoto chali, akarudi nyuma ya pazia. Mzee akapiga magoti. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi. Akavipangusa kwenye suruali mara mbili, kisha akaligusa tumbo la mjukuu wake. Likabonyea kama unga wa ngano uliokandwa ukakandika, likarudi. Mtoto akamtazama, akatabasamu kwa fizi zake tupu, zile zilizoponea chupuchupu kuchimbuliwa, akamjambia. Mzee alikuwa ameishi miaka mingi akiamini kwamba mwenye amri ni mwenye bunduki au mwenye koti jeupe. Siku hiyo alimwona mwenye amri wa kweli, mkaza mwana wake, na hakuwa na kitu mkononi ila mtoto.

Hata hivyo hofu haitoki kwa siku moja. Namono alilijua hilo, na kwa kinywa cha Nulu akatuma neno kwamba kama moyo wa baba haujatulia, waende wote Wanale kwa mama yake. Nanyama akisema mtoto ni mgonjwa, yeye mwenyewe ndiye atakayembeba hadi hospitali ya Mbale. Mzee akaona hilo ni neno la haki.

Dereva mmoja Mkenya, Nicanor, aliyezoea kusimama kwa Nulu kula mihogo, alikuwa ameshusha chumvi Jinja na sasa anakwenda Mbale kuchukua maharagwe. Alikubali kuwabeba, lakini Nulu alikuwa amekwisha kumsimulia kila kitu, pamoja na lile la nne.

"Mzee wangu, mimi nimebeba chumvi, nimebeba sabuni, nimebeba hata maiti," Nicanor akasema akiukagua mzigo wake mpya. "Bomu sijawahi. Likilipuka humu ndani, nani ataosha gari?"

Mama na mtoto wakapanda mbele na dereva. Mzee, kwa kuwa hawezi kuketi ubavuni mwa mkaza mwana, akapanda nyuma juu ya magunia matupu, akashikilia kofia yake ya kitani upepo usiichukue.

Walipoipita Iganga wakakuta kizuizi: magogo mawili, na askari wa serikali mpya. Watu wote wakaamriwa kushuka. Siku zile Mwislamu mwenye kofia alitazamwa kwa jicho baya, kana kwamba yule mkubwa aliyekimbia, kwa kuwa alikuwa wa dini yao, alikuwa amewagawia wote chakula cha mezani pake. Namono akaambiwa afungue furushi la nguo. Akamlaza mtoto juu ya kanga kwenye ngazi ya lori, na babu akamwokota, maana hawapokezani mkono kwa mkono. Askari mmoja mrefu akamkazia macho.

"Kofia, umebeba nini humo?"

"Mjukuu, afande."

"Wote wanasema mjukuu. Jana mjukuu mmoja alikuwa redio." Akamchukua mtoto, akaanza kuzipapasa nguo zake.

Mzee aliona uso wa Sulait ukibadilika. Nyusi zikakutana. Macho yakatulia mbali, kama ya mtu anayekumbuka jambo muhimu. Uso ukajikunja kama ngumi. Kisha ukasikika mlio kama wa turubai linalochanika, na ukafuatwa na mwingine mrefu kuliko wa kwanza. Kile kilichokuwa kimekawia zaidi ya wiki kikatoka chote, laini kama uji, cha manjano, bila damu, bila punje ngumu hata moja. Kikajaza nepi ya Mariat, kikafurika, kikamteremkia askari kwenye mkono wa shati mpaka kwenye mkanda wa risasi.

Aliyekuwa wa kwanza kutoa sauti ni Namono. Alicheka. Alicheka mpaka akaketi chini juu ya nguo zake zilizotawanyika, na machozi yakamtoka, machozi yale aliyoyazuia tangu ile Alhamisi ya ufagio; ikawa haijulikani tena kipi ni kicheko na kipi ni kilio. Baba mkwe wake alitazama kando, lakini na yeye mashavu yalikuwa yamelowa.

"Amekaa na hii muda gani?" askari akauliza, mikono mbele kama mtu aliyeshika nyoka.

"Wiki na zaidi, afande," Nicanor akajibu. "Naona alikuwa anakungoja wewe."

Askari akaanza kukunja uso, kisha ukamshinda, akacheka na yeye. Akasema ameacha mtoto nyumbani ambaye hata hajamwona. Akamrudisha Sulait kwa babu yake kwa uangalifu mkubwa, akawaagiza wenzake waondoe magogo, akaletewa maji.

Hapo mzee Yakub alifanya jambo ambalo hangelifanya wiki moja kabla. Mbele ya bunduki aliuliza, kwa sauti ya chini aliyojifunza kwa mkaza mwana wake, "Afande, vijana waliochukuliwa na magari yao ile Alhamisi baada ya Kampala kuanguka, mliwakuta wapi?"

Kicheko kikazimika. Askari akaanza kuusugua mkono wa shati lake kwa maji.

"Subiri, Mzee," akasema. "Wakubwa watasema."

Walipofika Wanale, Nanyama alimpokea mtoto, akamgeuza mbele na nyuma, akambonyeza tumbo, akamrudishia mwanawe. Alisema mtoto ni mzima, wa kutibiwa ni babu, na akaagiza babu atiliwe chai.

Vita vikaisha, sabuni ikarudi madukani, na zahanati ikapakwa rangi. Mzee Yakub aliing'oa ile spoku kwenye ukingo wa paa na kuitupa chooni. Mwanamke aliyekuja kuomba spoku kwa sababu mtoto anaharisha, au bua kwa sababu mtoto hapati choo, alionyeshwa mlango wa Namono, na mzee alimwambia kila mmoja kwamba ndani ya chumba kile kuna mtu asiyesema sana, lakini anayetazama. Sulait alikua, akaingia shule, akawa na sauti kubwa kuliko kengele yake.

Kila mkubwa mpya aliyefika wilayani aliwakuta mzee na mkaza mwana wake mlangoni pa ofisi yake, wameketi mabenchi mawili mbalimbali kama heshima inavyotaka, wakiuliza swali moja. Kila mmoja aliwaambia wasubiri, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuwatazama. Kimya kingi kina mshindo mkuu: wa mtoto ulisikika barabarani mchana kweupe, wa mama yake ulisikika mlangoni, je, wa wakubwa hawa wanaojua Burhan alifikishwa wapi, utasikika lini?